Safari ya mbwa huanza na sindano

Barua ya kazi imefika, viza imepatikana, na tiketi za familia kwenda Ujerumani zimekatwa kwa mwezi ujao. Ndipo mtoto anauliza: na mbwa wetu je? Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Nairobi swali hilo huja limechelewa, na mbwa huishia kuachiwa mlinzi, jirani, au mpangaji mpya ambaye hakumwomba. Inaniuma kila ninapoliona jambo hili, kwa sababu mara nyingi lingeweza kuzuilika. Gharama ni kubwa, hilo halifichiki, lakini wengi wanaoshindwa hushindwa na kalenda kabla hawajafika kwenye fedha.

Tanzania na Kenya hazimo katika orodha ya nchi ambazo Umoja wa Ulaya unaziona kuwa na udhibiti wa kutosha wa kichaa cha mbwa. Kwa hiyo mbwa au paka anayetoka huku anapitia hatua ambazo hazibadilishani nafasi. Anawekewa kwanza chipu, kitu kidogo kama punje ya mchele, chini ya ngozi ya shingo. Ina namba ya tarakimu 15. Halafu anachanjwa, akiwa ametimiza angalau wiki 12 tangu kuzaliwa. Vyote viwili vinaweza kufanyika siku moja, mradi chipu itangulie. Chanjo iliyopigwa kabla ya chipu haihesabiki, hata kama cheti chake kina mihuri mitatu. Baada ya siku 30 kutoka chanjo, anatolewa damu na kupimwa kingamwili kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja huo, na kiwango kisipungue yuniti 0.5 za kimataifa kwa mililita. Kisha ni kusubiri miezi 3, inayohesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Ukijumlisha, ni takriban miezi minne bila kosa hata moja. Mimi ningempa mtu miezi sita.

Wapo wanaokasirika: mbwa mzima, amechanjwa, amepimwa, bado asubiri nini? Jibu limo katika ugonjwa wenyewe. Virusi vya kichaa cha mbwa hutoka kwenye jeraha na kusafiri polepole kupitia neva mpaka ubongoni, na vinaweza kuchukua wiki au miezi kabla ya dalili kuonekana. Mbwa aliyeng'atwa kabla ya chanjo anaweza kuonekana mzima kabisa siku ya kupimwa. Miezi ile 3 ndiyo inayompa ugonjwa uliojificha muda wa kujitokeza. Dalili zikishaanza, kwa mnyama au kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote Afrika na Asia, na sehemu kubwa ni watoto walioumwa na mbwa. Sisi tunaoishi nao tunaujua msiba huo. Hatuna sababu ya kuidharau tahadhari ya wenzetu wa Ulaya.

Baada ya hapo kilichobaki ni umakini. Soma namba ya chipu kwenye kila karatasi, tarakimu kwa tarakimu, maana moja ikikosewa cheti kinakuwa cha mnyama mwingine. Chanjo ya marudio ifanyike kabla ile ya kwanza haijaisha muda. Ikipitwa, kipimo cha damu kinarudiwa na kusubiri kunaanza upya. Cheti cha afya cha safari husainiwa na daktari wa mifugo wa serikali, na kinatumika siku 10 tu hadi ukaguzi wa kuingia Ulaya, kwa hiyo hakiombwi mapema. Mwenye mbwa naye asipishane naye kwa zaidi ya siku 5. Anayekwenda Uingereza aongeze jambo moja: mbwa apewe dawa ya minyoo tegu na daktari kati ya saa 24 na 120 kabla ya kuingia, na iandikwe kwenye cheti. Paka hadaiwi dawa hiyo.

Kuna maandalizi ambayo hayana mhuri, nayo ndiyo yanayosahaulika zaidi. Kanuni za IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, zinataka kasha ambalo mnyama anaweza kusimama, kugeuka na kulala kwa raha ndani yake. Linunue mapema, liondoe mlango, liweke sebuleni. Mlishe humo. Acha alale humo mchana, nguo yako uliyoivaa ikiwa chini yake. Baada ya siku kadhaa rudisha mlango, ufunge dakika chache, kisha saa nzima, kisha usiku. Mbwa wetu wengi wamezoea uwanja, hawajawahi kufungiwa, na yule anayeliona kasha kwa mara ya kwanza uwanja wa ndege hupigana nalo hadi kuvunja meno. Usimpe dawa ya usingizi ili atulie: huweza kushusha shinikizo la damu na kuvuruga upumuaji, na kule chini ya ndege hakuna wa kumsaidia.

Wengine wasisafiri kabisa. Mbwa mzee mwenye moyo dhaifu ni mmoja wao. Wenye pua fupi, kama bulldog, pug, na hata paka wa Kiajemi, hupumua kwa shida kwenye joto, na mashirika mengi ya ndege huwakataa. Kwa hao, kutafuta mlezi mwema miezi mitatu kabla, na kumtembelea pamoja na mbwa mara kwa mara hadi wazoeane, ni upendo kamili.

Anayefika salama apelekwe kwa daktari wa huko ndani ya wiki ya kwanza. Ujerumani mbwa huandikishwa manispaa na hulipiwa kodi. Mwambie daktari wazi kwamba mbwa ametoka Afrika Mashariki na umwombe ampime magonjwa ya kupe, kwani baadhi hukaa kimya mwilini muda mrefu na daktari wa Ulaya huenda asiyafikirie.