Kabla gereji haijageuzwa chumba cha kulala

KATIKA mitaa ya zamani ya mji wa Kericho, na pia Litein, Sotik na Bomet, ziko nyumba nyingi zenye gereji ambamo gari halijalala kwa miaka. Gari liliuzwa, ama huegeshwa uani, na gereji ikabaki ya kuwekea magunia ya mahindi, baiskeli mbovu na makopo ya rangi. Kisha siku moja haja ya nafasi inabisha hodi. Kijana amerudi kutoka Nairobi akiwa na mke na mtoto. Kogo, yaani nyanya, ameletwa kutoka kijijini ili awe karibu na kliniki ya shinikizo la damu, na ngazi za nyumba kubwa zinamshinda. Ama mwenye nyumba ameona wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kabianga wakitafuta vyumba vya kupanga, akapiga hesabu ya kodi.

Fundi anaitwa. Mlango mkubwa wa chuma unang'olewa, pengo linazibwa kwa matofali, kidirisha kimoja kinaachwa, kuta zinapakwa rangi na kitanda kinaingizwa. Kazi ya wiki mbili. Kwa macho ni chumba. Kwa mapafu ya atakayelala humo, bado ni gereji.

Jengo la gari lina kazi yake. Gari linataka kukingwa na mvua na wezi, basi. Halipumui usiku kucha wala haliumwi na kifua. Ndiyo maana aliyejenga gereji aliiweka sakafu chini, karibu sawa na ardhi, ili magurudumu yaingie bila taabu, akailaza kidogo kuelekea mlangoni ili maji yatoke. Ukuta aliujenga mwembamba. Dari hakuweka, na dirisha aliliona gharama ya bure. Hewa ilipita chini ya mlango na katika mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Ukiuziba mlango ule, umeliziba jengo pua.

Ukungu wa nje na wa ndani

Mahali pengine kasoro hizi zingevumilika. Lakini Kericho si Machakos. Mji huu uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya chai yanayouzunguka hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ama zaidi, na hakuna mwezi unaopita mkavu kabisa. Ni hali hiyo iliyozivuta kampuni za chai kuja hapa katika miaka ya 1920. Mchai hupenda unyevu usiokatika. Binadamu hana mapenzi hayo.

Kiswahili kimetumia neno moja, ukungu, kwa ule utando mweupe unaofunika majani ya chai alfajiri na kwa madoa meusi yanayoota ukutani nyuma ya kabati. Huu wa pili ndio unaomhusu daktari. Chembe zake huruka hewani, na mwenye pumu akizivuta kifua humbana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kwamba wakazi wa nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na kikohozi, kukoroma kwa kifua na pumu. Watoto na wazee ndio huumia kwanza, na mara nyingi hao ndio wanaopewa chumba cha gereji.

Unyevu huingia kwa njia tatu. Hupanda kutoka ardhini kupitia sakafu na sehemu ya chini ya ukuta. Huteremka kutoka juu pale gata linapofurika ama bati linapotoboka, na mvua ya mawe ya Kericho hulichosha bati mapema. Njia ya tatu husahauliwa: watu wenyewe. Mtu mmoja aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho robo lita ya maji ama zaidi hadi asubuhi. Walale watatu, juu yao itundikwe kamba ya nguo zilizofuliwa, na chumba kinakuwa kama chombo cha kupikia kwa mvuke. Bati lisilo na dari hupoa sana usiku, mvuke ukaligusa na kugeuka matone. Wengi hudhani paa linavuja, wakanunua lami na kumpandisha fundi juu. Dalili ni rahisi kuisoma: matone yakianguka usiku ambao haukunyesha, tatizo liko ndani.

Kwa hiyo kazi ianze nje. Gata lipitishe maji mbali na ukuta, mtaro uchimbwe kuzunguka chumba, na udongo uteremke kutoka ukutani badala ya kuuegemea. Baada ya hapo ndipo sakafu iguswe. Ile ya zamani ina mafuta ya injini, na kama betri za gari ziliwahi kufunguliwa hapo, ina madini ya risasi pia, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Mtoto anayetambaa hupeleka mkono sakafuni kisha mdomoni. Isifagiwe kavu na kutimua vumbi. Iloweshwe, isuguliwe kwa sabuni, na pale palipolowa mafuta kabisa pavunjwe na kutolewa.

Juu yake huwekwa nailoni nzito ya wajenzi, ikiwa kipande kimoja kilichokunjwa na kupanda ukutani pande zote, kisha zege jipya. Sakafu mpya iishie angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Hapa wengi hukwama, kwa sababu hawakupima kwanza. Ukishainua sakafu na kushusha dari, kimo kinachobaki kisipungue mita 2.4. Kikipungua, itabidi paa lipandishwe, na gharama hiyo ni afadhali kuijua kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa simiti.

Jiko lisilotoa moshi

Yote hayo ni ya kukohoa na kuugua. Liko jambo moja katika chumba hiki linaloua kwa usiku mmoja.

Chumba chenye ukuta mwembamba na bati tupu ni baridi, na mwezi wa Julai katika nchi ya chai baridi haina mzaha. Mwenye kulala humo hufanya lililo karibu: huchukua jiko la makaa lililopikiwa ugali, hulingoja mpaka makaa yawe mekundu bila moshi, kisha huliingiza ndani na kufunga mlango. Huamini kwamba moshi ukiisha hatari imekwisha. Sivyo. Makaa yanayowaka polepole mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia katika damu hushikana na chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Katika miinuko kama Kericho, ambako oksijeni katika kila pumzi ni pungufu kuliko Mombasa, mwili una akiba ndogo zaidi ya kupambana nayo.

Gereji iliyozibwa mlango ni mahali pabaya kuliko nyumba ya udongo ya kijijini. Nyumba ile ina mianya mingi, na moshi hupenya majanini. Matofali, plasta na dirisha la kioo lililofungwa haviachi hata upenyo.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kuishiwa nguvu. Msomaji atatambua mara moja kwamba hizo zafanana na za malaria, na hapo pana mtego. Mtu huamka hivyo asubuhi, anameza dawa za malaria, anapata nafuu akiwa kazini kwenye hewa safi, na jioni anarudi kwenye jiko lile lile. Wakiugua watu wote wa chumba kwa pamoja, bila homa, na wakapata nafuu wakitoka nje, jiko lishukiwe kwanza. Mama mjamzito awe na hadhari zaidi, kwani mtoto tumboni huidhurika na gesi hii hata pale mama anapojiona mzima.

Mbinu za mitaani hazisaidii. Sufuria ya maji iliyowekwa kando ya jiko hainyonyi gesi hii, na maziwa hayaitoi mwilini. Ukimkuta mtu amezirai katika chumba chenye jiko, fungua mlango, mvute nje upesi bila wewe mwenyewe kukawia ndani, kisha apelekwe hospitali inayoweza kumpa oksijeni. Kuzinduka kwake si sababu ya kumwacha nyumbani.

Swali la haki ni hili: basi atajipasha joto na nini? Jibu liko darini. Joto hupanda, na chini ya bati tupu hupotea lote. Dari ya plaiwudi ama mbao, yenye mwanya wa hewa kati yake na bati, hubadilisha chumba kuliko jiko lolote, na matone ya usiku huisha kwa kazi hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa nyumba wa mwaka 2018, lilitaja nyuzi 18 za selisiasi kuwa kiwango salama cha joto la ndani kwa nchi zenye majira ya baridi. Ningeshauri fedha za vigae na rangi ya kupendeza zihamishiwe huko juu. Nyanya apewe blanketi nzito na chupa ya maji ya moto, na jiko libaki nje.

Hewa, mbu na paa la zamani

Hewa nayo haina mjadala. Wajenzi wana kanuni ya zamani kwamba madirisha yawe angalau sehemu moja ya kumi ya sakafu. Gereji ya mita tatu kwa sita ina mita 18 za mraba, hivyo inataka dirisha la mita 1.8 za mraba: tuseme madirisha mawili, kila moja upana wa mita moja na kimo cha sentimita 90, yakitazamana ili upepo upite. Juu yake yawekwe matundu ya hewa yasiyofungika. Wanafunzi wanne wakipangishwa chumba kisicho na mpito wa hewa, mmoja wao akiwa na kifua kikuu, wenzake wako hatarini kila usiku.

Matundu hayo yafunikwe kwa wavu wa mbu. Wako wanaodhani baridi ya hapa inatosha kuwafukuza, ilhali katika miaka ya 1990 malaria ilizuka mara kwa mara katika mashamba ya chai ya Kericho na kuwalaza watu wengi, kwa vile wakazi wa miinuko hawana kinga ya wenzao wa kando ya ziwa. Tangu hapo ugonjwa umepungua sana, lakini haujatoweka. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa nyumba zilizowekwa wavu ziliingiwa na mbu wachache zaidi, hata zile zilizowekewa darini tu.

Kama gereji ni ya zamani, litazame paa kabla fundi hajapanda na nyundo. Karatasi nene za kijivu zenye mawimbi, zinazovunjika kama kigae, huenda ni asibestosi. Nyuzi zake zikivutwa hubaki mapafuni na huweza kuleta saratani baada ya miaka mingi. Kanuni za Kenya za taka za mwaka 2006 zinaihesabu kuwa taka hatari. Isikatwe, isitobolewe, isipigwe brashi. Iondolewe na wenye leseni.

Wengine hugeuza nusu tu ya gereji, nusu ikabaki ya pikipiki ama jenereta. Hilo silipendi hata kidogo. Mvuke wa petroli hupita chini ya mlango, na moshi wa jenereta una gesi ile ile ya jiko.

Kugeuza matumizi ya jengo kunahitaji idhini ya serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Afisa wa afya ya umma akija kukagua, atazame sakafu na madirisha kabla plasta haijayafunika makosa.

La mwisho ni subira. Zege jipya hubeba maji mengi, na katika mvua za hapa hukauka polepole, pengine kwa miezi kadhaa. Kata kipande cha nailoni safi ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, kibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne, ukiache siku tatu. Ukikuta matone chini yake, ama zege limekuwa jeusi, kitanda cha nyanya kikae nyumba kubwa mwezi mwingine, kisha upime tena.