Safari ya Kwanza ya Mtoto Kwenye Bustani ya Michezo ya Maji



Hivi karibuni kliniki ya watoto, wakati nikimpima mtoto uzito, mama mmoja anayeuza vitenge Mtaa wa Kongo aliniuliza swali lisilokuwamo kwenye kadi. "Sista," alisema, "baba yake amemwahidi mtoto kumpeleka Kunduchi akateleze kwenye maji sikukuu ikifika. Ana miaka mitatu na nusu. Sisi wenyewe hatujawahi kwenda. Nianzie wapi?" Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu maneno mawili tu. Mengine nayaandika hapa, maana najua si yeye peke yake. Wazazi wengi wa Msimbazi, Ilala na Kariakoo huweka fedha kwenye kibubu mwaka mzima kwa ajili ya siku moja kama hiyo.

Swali la kwanza ni umri. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hajui kwamba umelipa kiingilio. Atafurahia beseni la maji uani kuliko bwawa lenye kelele, na wewe utashinda siku nzima umembeba. Kwa maoni yangu, miaka minne ni mwanzo mzuri: anatembea mwenyewe, anasema akibanwa na haja, na anaelewa neno "simama". Mwenye miaka mitatu na nusu aweza kwenda, ila siku hiyo iwe yake. Ukimchanganya na kaka zake wa miaka 12 wanaotaka miteremko mirefu, mmoja wao atalia, na mara nyingi ni yule mdogo.

Swali la pili ni siku. Jumatatu ya Pasaka, Idd, Desemba 26 na Mwaka Mpya jiji zima huelekea ufukweni. Msongamano si jambo la kubeza. Sikukuu ya Idd mwaka 2008, mjini Tabora, watoto wapatao 20 walikufa katika ukumbi wa disko toto uliojaa kupita kiasi. Wazazi wao waliwapeleka wakafurahi, kama sisi tunavyowapeleka wa kwetu. Kwa hiyo chagueni Jumamosi ya kawaida, au siku ya kazi wakati wa likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha na jua halijawa kali kama la Januari. Mkikuta lango limefurika, rudini. Mwambieni mtoto tutakuja siku nyingine, mkamnunulie aiskrimu. Atanuna kidogo tu.

Wet 'n' Wild ya Kunduchi imejulikana na wakazi wa jiji kwa miaka mingi. Iko kaskazini, umbali wa zaidi ya kilomita 20 kutoka Kariakoo, upande wa Barabara ya Bagamoyo. Kabla ya kufunga safari pigeni simu, au mwulizeni aliyekwenda karibuni: wanafungua siku gani, mtoto analipa kiasi gani, chakula cha nyumbani kinaruhusiwa au hakiruhusiwi, nguo gani za kuogelea zinakubaliwa. Bustani nyingi za namna hii hazitaki mtu aingie majini na suruali ya jinzi, na miteremko mikubwa huwekewa kipimo cha urefu. Msigombane na mlinzi anayempima mtoto. Kipimo hicho kimewekwa kwa sababu mwili mdogo hurushwa vibaya na maji ya kasi. Na katika hesabu zenu, kando ya nauli na kiingilio, tengeni fedha ya teksi ya kwenda hospitali. Zirudi nazo nyumbani, lakini ziwepo.

Safari ya daladala kwa foleni zetu yaweza kuchukua saa mbili. Mtoto aliyeshiba chapati na chai ya maziwa atawatapikia abiria kabla hamjafika Mwenge. Mpeni uji mwepesi au mkate mkavu, akae dirishani, na mkononi muwe na mfuko mgumu na kitambaa chenye maji. Matunda na chakula kizito vingoje mpaka mfike.

Maji ya kunywa ni jambo ambalo watu husahau kwa sababu wanakwenda mahali penye maji. Inasimuliwa kuwa Disneyland ilipofunguliwa huko California, Marekani, Julai 17, 1955, mafundi bomba walikuwa wamegoma, ikabidi wachague kati ya vyoo na mabomba ya kunywea. Walichagua vyoo, na watu wakashinda na kiu kwenye joto kali. Kama tajiri mwenye mahandaki na majumba ya ndoto alikwama kwenye bomba la maji, sisi tusione haya kubeba chupa zetu. Chukueni maji yaliyochemshwa, lita moja kwa kila mtoto kwa uchache, na pakiti mbili za ORS. Mtoto anayecheza majini haoni jasho lake. Ukiona midomo imekauka, mkojo ni wa njano iliyokolea, au amelegea bila sababu, mtoe majini, mketishe kivulini na umnyweshe kidogo kidogo.

Jua la pwani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri lina makali. Kofia pana na fulana ya mikono mirefu hata majini zinafaa watoto wote. Kwa mtoto mwenye ualbino ni lazima, pamoja na krimu ya kuzuia jua inayopakwa tena kila baada ya kutoka majini. Afadhali familia hiyo ifike alasiri.

Wapo wanaopaswa kuniona mimi au daktari kwanza. Mtoto mwenye selimundu aweza kupata maumivu makali ya mifupa kwa sababu ya maji ya baridi na kuishiwa maji mwilini, kwa hiyo awe majini muda mfupi, akaushwe mara moja, avae nguo kavu. Mwenye kifafa asiingie hata maji ya magotini bila mtu mzima kumshika. Mwenye pumu achukue dawa yake ya kuvuta, isiachwe nyumbani kwenye kabati. Anayetoka usaha masikioni akacheze mchangani. Na mwenye kuhara abaki nyumbani hata kama kiingilio kimekwishalipwa, maana wapo vijidudu vya kuhara wasiokufa upesi kwa klorini, na watoto wote humeza maji ya bwawa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika habari hii.

Miaka kadhaa iliyopita, Jumatatu ya Pasaka, ukoo wetu ulikwenda kupumzika kwenye bwawa moja la ufukweni. Jina silitaji, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Tulikuwa watu wazima 8 mezani, na mimi muuguzi mmoja wao. Mjukuu wangu alikuwa na miaka minne, amevaa kaptura ya bluu, akicheza kwenye maji yaliyomfika kiunoni. Mimi nilidhani mama yake anamtazama. Mama yake alidhani bibi yupo. Shemeji alikuwa anagawa pilau. Hakuna aliyesikia kelele, kwa sababu hakukuwa na kelele. Kijana mgeni kabisa kwetu ndiye aliyeinama akamwinua mtoto kutoka chini ya maji, amelegea, midomo imebadilika rangi. Nilimpulizia pumzi nikiwa natetemeka kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Akakohoa, akatapika, akalia. Sijapata kusikia kilio kizuri kama kile. Tulilala naye wodini usiku ule.

Tunadhani anayezama hupiga kelele na kurusha mikono kama kwenye sinema. Mtoto mdogo hazami hivyo. Kinywa kikiwa chini ya maji hawezi kuita, na dakika chache zinatosha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Watoto wetu wa Jangwani na Kigogo wanayajua maji ya bondeni, kama yale ya mafuriko ya Desemba 2011, lakini kuyajua maji si kujua kuogelea.

Tangu siku ile familia yetu ina utaratibu. Mtu mmoja ndiye mlinzi wa mtoto, na anafungwa kanga nyekundu begani ili kila mtu ajue ni yeye. Haongei na simu, hali, hanywi bia. Anakaa majini au ukingoni, mahali ambapo akinyoosha mkono anamgusa mtoto. Baada ya nusu saa anamvisha mwingine kanga ile kwa kusema kwa sauti, "Sasa ni wako." Anayekwenda msalani anaivua kwanza. Waokoaji wa bwawa wapo kutusaidia, lakini wanatazama watoto mia, na wewe unamtazama mmoja.

Mkinunua nguo ya kuogelea hapo Kariakoo, acheni bluu na nyeupe, ambazo hupotea kabisa ndani ya maji. Nunueni nyekundu, ya machungwa au kijani kinachong'aa. Yale maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi ni vitu vya kuchezea. Hutoboka, huchomoka, na huwapa wazazi usingizi.

Ikitokea mtoto ametolewa majini hapumui, msimning'inize miguu juu wala kumkamua tumbo kama wazee wetu walivyofanya. Mnachelewesha hewa. Mlazeni chali mahali pagumu, inueni kidevu, mpulizieni pumzi 5 mpaka kifua kiinuke. Asipoamka, kandamizeni katikati ya kifua mara 30 kwa haraka, kisha pumzi 2, na kuendelea hivyo huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka na kuomba soda, apelekwe hospitali. Anayekohoa, kupumua haraka au kusinzia baada ya kuzama hajapona bado.

Kuhusu kupotea, nina neno moja. Mtoto aliyepotea akiulizwa jina la mama yake hujibu "Mama". Mfundisheni majina yenu mawili wiki nzima kabla ya safari, hata kwa wimbo. Andikeni namba ya simu kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye mkono wake, na tena upande wa ndani wa nguo yake. Asubuhi mpigeni picha akiwa amevaa nguo za siku hiyo, kwa maana ukishikwa na hofu hukumbuki alivaa nini. Mkifika tu, mwonyesheni mfanyakazi mwenye sare: "Ukinikosa, nenda kwa huyu."

Ondokeni mapema, kabla hajachoka na kabla ya foleni ya jioni. Saa tatu au nne za mchezo zinamtosha. Nyumbani mwogesheni maji safi na sabuni, kausheni masikio kwa ncha ya taulo, si kwa njiti. Homa, masikio kuuma au kuhara katika siku zinazofuata, mleteni.

Yule mama wa Mtaa wa Kongo alirudi wiki iliyopita kwa ajili ya mtoto wake mchanga. Walikwenda Jumamosi ya kawaida, wakakaa kwenye bwawa la watoto, baba ndiye aliyefungwa kanga. Nikamwuliza yule mkubwa alichofurahia zaidi. Akasema ni kukaa dirishani kwenye daladala.