Bingwa wa Dunia kwa Pauni 1,000

Kila nikishika fimbo ya pool, lazima atokee kaka mmoja wa kunifundisha bila kuombwa. Jamani! Siku hizi namjibu kwa jina moja tu: Reanne Evans.

Dada huyu Mwingereza anacheza snuka, ule mchezo unaofanana na pool ila meza yake ni kubwa zaidi, na mipira myekundu 15. Alitwaa ubingwa wa dunia wa wanawake mara 10 mfululizo, 2005 hadi 2014, akaongeza 2016 na 2019. Mwaka 2006 alipata binti, na taji hakuliachia.

Sasa sikia malipo. Mwaka 2013 ubingwa ulimpa pauni 1,000. Ronnie O'Sullivan, bingwa wa dunia mwaka huohuo, alipata 250,000. Ukitoa nauli na hoteli, shosti, unabaki na nini? Na ni wapenzi wangapi wangevumilia mwenzao asafiri kila mara kwa mchezo usiolipa? Akiwa mwanaume tunasema anafuata ndoto. Akiwa mwanamke, eti anapoteza muda.

Baba wa binti yake ni Mark Allen, naye mcheza snuka. Waliachana mtoto akiwa mdogo. Agosti 2021, droo ya British Open ikawakutanisha. Wewe na ex wako, meza moja, kamera zinawamulika! Reanne aliongoza fremu 2-1, Allen akashinda 3-2. Gumzo likawa kama walisalimiana au la. Mimi gumzo langu ni zile fremu mbili, za mama ambaye miaka minane nyuma ubingwa wa dunia ulimlipa pauni 1,000.