Gari haliuzwi kwa ufunguo, huuzwa kwa karatasi

KUUZA gari lililotumika kwa haraka, tena bila kusumbuana na mtu, ni jambo ambalo wengi huliona kuwa ni bahati tu. Mmoja huuza kwa siku tatu, mwingine hukaa na gari lake uani miezi sita mpaka tairi zinaisha upepo. Baada ya kuuza langu hapa Mibirizi, wilayani Rusizi, magharibi mwa Rwanda, nimeamini kuwa bahati ina sehemu ndogo sana.

Mibirizi si mahali pa biashara ya magari. Ni mlimani, panapojulikana kwa parokia ya Kikatoliki iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1903, kwa hospitali yake, na kwa kahawa, kwani ni hapa wamisionari walipoanza kuipanda nchini mwanzoni mwa karne iliyopita. Wanunuzi wa magari wako mjini Kamembe, au ng'ambo ya Mto Ruzizi, Bukavu. Ni wachache watakaopanda pikipiki mpaka huku kutazama gari wasilojua kama litawaka.

Langu lilikuwa Toyota Corolla ya miaka ya tisini. Nilikuwa na wiki tatu tu, maana mdogo wangu alikuwa amepata nafasi chuoni na ada haikuwa na subira. Dalali wa kwanza, ambaye huku tunamwita komisiyoneri, aliponusa kuwa nina shida akanitajia faranga milioni 3 taslimu, palepale.

"Chukua, mzee. Kesho nitakuwa na gari jingine," aliniambia.

Nilimshukuru, nikamwambia nitampigia. Mwenye shida akionyesha shida yake, bei hupangwa na mwingine.

Siku mbili za kwanza sikutafuta mnunuzi, nilitafuta karatasi. Kadi ya njano, yaani kadi ya usajili wa gari, ilikuwa kwa jina langu, na namba ya chasisi niliilinganisha na ile iliyogongwa kwenye gari. Nilihakikisha hakuna faini ya barabarani inayodaiwa, na bima ilikuwa bado na miezi.

Lililobaki lilikuwa ukaguzi wa polisi. Gari la binafsi hukaguliwa mara moja kwa mwaka, na kwetu safari ya kwenda kukaguliwa ilikuwa ndefu, kupitia msitu wa Nyungwe. Cheti changu kilikuwa hakijaisha muda, na naweza kusema ndicho kilichouza gari. Mnunuzi wa Rusizi akisikia ukaguzi umeisha, kwanza anapiga hesabu ya mafuta ya safari hiyo, kisha ya fundi, halafu anakata yote kwenye bei yako.

Jambo jingine ni usukani. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia, tofauti na Tanzania, Kenya na Uganda, na mwaka 2005 Rwanda ilipiga marufuku kuingiza magari madogo yenye usukani wa kulia. Langu lilikuwa na usukani wa kushoto, hivyo nililiandika jambo hilo mwanzo kabisa nilipotuma picha kwenye makundi ya WhatsApp. Niliandika pia ubaya wake: klachi imechoka, na mlango mmoja wa nyuma umepakwa rangi upya. Waliokuja walikuwa wachache, lakini walikuja kununua. Hakuna aliyeinua boneti akashangaa.

Sikumngoja mtu aje Mibirizi. Gari lilioshwa, nikaliteremsha Kamembe, na kila aliyelitaka nilimwambia aje na fundi wake mwenyewe. Mmoja alitoka Bukavu. Tulielewana vizuri, lakini gari likivuka mpaka kwa kuuzwa, usajili wake wa Rwanda lazima ufutwe na namba zirudishwe, kisha kuna ushuru wa upande wa pili. Kwa mtu mwenye wiki tatu, hiyo ni safari ndefu. Niliuza kwa mwalimu wa hapahapa wilayani, kwa faranga milioni 3 na laki 7, siku ya kumi na sita.

Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Jirani yangu alidhani hivyo. Aliuza gari lake kwa karatasi iliyosainiwa juu ya boneti, mbele ya mashahidi wawili, na mnunuzi akaahidi kubadilisha jina "wiki ijayo". Miezi ikapita. Simu ya jirani ikaanza kupokea ujumbe wa faini za mwendo kasi kutoka barabara ambazo hajawahi kuzipita, kwa sababu kamera hupiga picha namba ya gari, na faini humfuata mwenye jina. Mnunuzi naye namba yake ya simu haikupatikana tena. Jirani aliniambia kuwa kinachomnyima usingizi si hizo faini, bali siku gari hilo litakapogonga mtu.

Kwa hiyo mimi na mwalimu tuliongozana. Mkataba tuliuandikia kwa noteri, na mke wangu naye akatia saini, kwani mnunuzi mwangalifu hakubali saini moja kwa mali ya wawili. Fedha ziliingia benki, nikaziona kwenye akaunti, ndipo tukaanza kuhamisha umiliki Mamlaka ya Mapato ya Rwanda. Ufunguo wa pili nilibaki nao mpaka kadi ya njano ilipotoka kwa jina lake. Hakukasirika. Alisema naye angefanya hivyohivyo.

Kwa anayetaka kuuza upesi, ushauri wangu ni mfupi: anza na karatasi kabla ya kutangaza bei, sema ubaya wa gari kabla hujaulizwa, na usihesabu kuwa umeuza mpaka jina lako litoke. Ada ya mdogo wangu ililipwa siku tano kabla ya muda kwisha, na tangu hapo simu yangu haijapokea ujumbe wa kamera yoyote.