Kuchagua Burashi za Kuoshea Matunda na Mboga



Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi juu ya chombo kidogo ambacho mtu hukinunua bila kufikiri, nacho ni burashi. Hatusemi juu ya burashi ya viatu wala ya nguo, bali ile isuguayo vyakula vyetu kabla ya kupelekwa sokoni au jikoni. Hapa Singida mvua zetu ni za msimu mmoja tu, na wakati wa kiangazi watu wengi huchota maji mbali. Tena visima vingine vina maji ya chumvi. Katika nchi kama hii burashi njema ni akiba ya maji, kwa maana udongo ambao mkono mtupu hauutoi ila kwa maji mengi, burashi huutoa kwa maji machache. Lakini burashi isiyofaa huharibu chakula chenyewe, na hasara yake haionekani siku ile ile.

Sisi tulijifunza jambo hili kwa aibu. Mwaka mmoja shamba la chuo lilitupa viazi vitamu vizuri, magunia manane. Tukataka vipendeze machoni pa wanunuzi, tukawapa wanachuo burashi za waya, zile za kukwangulia kutu. Viazi viling'aa kama vilivyopakwa mafuta, nasi tukajisifu. Siku ya sita tulipofungua mlango wa ghala tulipokewa na harufu kama ya pombe. Viazi vilikuwa vimelainika, na juu yake umeota ukungu wenye nywele nyeupe na vichwa vidogo vyeusi. Magunia matano tuliyafukia shimoni.

Sababu yake ni hii. Ngozi ya kiazi kitamu ni nyembamba mno, lakini ndiyo mlango wake. Ukungu ule hauna nguvu ya kuvunja mlango uliofungwa, hungoja jeraha. Kiazi kilichochubuka kina uwezo wa kujiponya: kikiwekwa penye joto la digri 30 hivi za sentigredi na hewa yenye unyevu, kwa muda wa siku 4 hata 7, hufanya ngozi mpya juu ya kidonda. Sisi tulivichubua, tukavilowesha, tukavifunga guniani jioni ile ile. Hatukuvipa nafasi ya kupona.

Kwa hiyo swali la kwanza si burashi gani inunuliwe, bali kama kitu chenyewe chapasa kuoshwa. Viazi vya kuwekwa akiba viondolewe udongo mkavu kwa mkono tu, na vioshwe siku ya kuuzwa au ya kupikwa, au siku ya kutengeneza michembe na matobolwa. Hapo kuosha ni lazima, kwani mchanga ukibaki juu ya kiazi kitakachokatwa na kuanikwa, mlaji atautafuna miezi mingi baadaye.

Vitunguu, ambavyo ni fahari ya mkoa wetu, havioshwi kabisa. Mtu akisimama katika soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, ataona magunia yakipakiwa kwenda safari ndefu. Kitunguu kilicholoweshwa kikafungiwa katika gunia lenye joto huanza kuoza shingoni, na kimoja huwaambukiza jirani zake. Maganda yake makavu ya nje ndiyo nguo yake ya safari. Chafaa kukaushwa vizuri kwanza, kisha udongo upanguswe kwa burashi laini, kavu, bila kuyavua maganda yote. Wako wafanyao biashara wanaopenda kitunguu chekundu king'aacho kama tunda. Sisi twapenda kile kifikacho.

Sasa tuje kwenye burashi yenyewe. Mnunuzi hutazama ukubwa wa ubao na rangi yake, naye huacha kutazama kitu kifanyacho kazi, yaani nyuzi. Katika uzi yako mambo matatu: umetengenezwa na nini, unene wake ni upi, na urefu wake ni upi. Tutaanza na mawili ya mwisho, kwa sababu hesabu yake huwashangaza hata walimu.

Ushike uzi mmoja wa burashi kwa shina lake, kisha uusukume ncha yake kwa kidole. Nguvu unayoihitaji kuupinda ndiyo ugumu wake. Kama una nyuzi mbili za namna moja na urefu mmoja, mmoja una unene wa robo ya milimita na wa pili nusu ya milimita, watu wengi watasema wa pili ni mgumu mara mbili. Sivyo. Ni mgumu mara 16, kwa kuwa ugumu hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Na urefu nao una kanuni yake: uzi ukifupishwa nusu, ugumu wake huwa mara 8. Basi burashi iliyokuwa na nyuzi za sentimita 4, ikalika hata zikabaki 2, si burashi ile tena. Watu hudhani burashi kuukuu imekuwa dhaifu na yaweza kutumiwa kwa vitu laini. Kinyume chake, kama nyuzi zake zingali zimesimama, imekuwa kali kuliko siku iliponunuliwa, na maembe yaliyovumilia burashi mpya huchubuliwa na ile ya zamani. Ipelekeni hiyo ikasugue sakafu.

Sasa asili ya uzi. Ziko nyuzi za mimea, kama makumbi ya nazi kutoka pwani, na katani, ambayo mmea wake, mkonge, uliletwa pwani ya Tanga na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Ni za bei nafuu na husugua vizuri viazi vyenye udongo mgumu. Ila hunywa maji, hukauka polepole, na mwisho huoza. Burashi ya katani iliyoachwa mbichi usiku kucha huwa shamba la vijidudu. Ziko singa za farasi, laini sana, ambazo katika viwanda vya machungwa hutumika kung'arishia tunda lililokwisha oshwa. Kwa udongo hazifai.

Kisha ziko nyuzi za viwandani. Nailoni ilitangazwa huko Marekani mwaka 1938, na kazi yake ya kwanza katika biashara ilikuwa burashi za meno, si soksi za mabibi kama wengi wasemavyo. Sifa yake kubwa ni kwamba hupindwa ikarudi mara nyingi bila kuvunjika wala kulala, nayo haichakazwi upesi na mchanga. Kasoro yake ni maji: aina za kawaida hunywa maji hata sehemu 8 au 9 katika 100 za uzito wake, na zikinywa hulegea. Kwa hiyo msiipime burashi ya nailoni dukani ikiwa kavu mkadhani mmeijua. Ilowesheni usiku mmoja, ndipo mwisugue juu ya mkono wenu. Namna nyingine ya plastiki, iitwayo polipropilini, hainywi maji karibu hata kidogo, bei yake ni ndogo, na ikiwa katika maji hubaki na ugumu wake. Lakini ikipindwa sana huzoea kulala upande mmoja.

Muuzaji mara nyingi hajui auzacho ni kipi. Kateni kipande cha uzi, mkitie katika kikombe cha maji, mkizamishe kwa kidole hata kilowe, kisha mkiachie. Nailoni itakwenda chini. Polipropilini itapanda juu, maana ni nyepesi kuliko maji.

Nyuzi za chuma tumekwisha zitaja, na hatutazirudia ila kwa neno moja: kipande chake kikikatika kikaingia katika chakula, hakionekani hata kimfikie mlaji kooni. Kwa sababu hiyo hiyo viwanda vingi vya vyakula hupenda burashi za buluu. Vyakula vya rangi hiyo ni vichache, na uzi uliong'oka huonekana upesi.

Kwa kazi zetu, basi, viazi vitamu na karoti vyataka nyuzi za ugumu wa kadiri, na vitu hivyo virowekwe kwanza ili mchanga ulegee. Kwa maana punje za mchanga zikikokotwa na burashi huikwangua ngozi kama msasa, hata burashi iwe laini namna gani. Viazi vya udongo mweusi wa mbuga, unatao kama gundi, virowekwe muda mrefu zaidi. Maembe na mapapai yatosha nyuzi laini, ndefu. Kwa nyanya tungeweka burashi mbali, tukatumia mkono au dodoki lililolainika. Tena nyanya iliyotoka juani isitumbukizwe katika maji baridi: ikipoa ghafula, hewa iliyomo ndani husinyaa, na maji machafu hufyonzwa kupitia kovu la kikonyo.

Vikundi vya wakulima vitakavyo mashine vitaona burashi za mviringo mfano wa michi, zimelazwa sambamba, nazo huzunguka huku matunda yakipita juu yake chini ya manyunyu ya maji. Wakuzaji wa machungwa huko Florida hushauriwa burashi hizo zisizidi mizunguko 100 kwa dakika. Ulizeni pia kama kila mchi waweza kufunguliwa na kutolewa kwa mkono. Jambo hili si la anasa. Mwaka 2011 shamba moja la matikiti huko Colorado, Marekani, lilitumia mashine ya kuoshea na kukaushia iliyokuwa imetumika kwanza kwa viazi, na ambayo sehemu zake hazikuweza kusafishwa vizuri. Vijidudu viitwavyo Listeria vilienea katika matikiti. Watu 147 waliugua, na 33 katika hao wakafa. Walionunua matikiti yale waliamini kwamba yameoshwa.

Burashi ya mkono nayo yaweza kufanya hivyo, kwa kadiri yake. Ubao wa mti hupasuka na kuficha uchafu katika matundu ya nyuzi. Afadhali mgongo wa plastiki usio na nyufa. Kila jioni burashi ioshwe kwa sabuni na kusuuzwa, kisha ichovywe katika maji yenye dawa ya klorini. Kama chupa yasema sehemu 3.5 katika 100, kijiko cha chai kimoja na kidogo zaidi katika lita moja ya maji yatosha. Iachwe dakika chache, isuuzwe kwa maji safi, itundikwe nyuzi zikitazama chini, mahali pa upepo. Isilazwe sakafuni, wala isiachwe ndani ya ndoo. Na burashi ya viazi iwe ya viazi, maana tumepata kuiona ikisugua miguu.

Mkiwa mmenunua burashi mpya na mna mashaka nayo, chukueni viazi ishirini visivyo na jeraha. Kumi vioshwe kwa mkono mtupu, kumi kwa burashi hiyo. Vyote vikaushwe kivulini, viwekwe katika vikapu viwili ndani ya chumba kimoja. Siku ya saba vitoeni nje penye mwanga, mhesabu vilivyolainika katika kila kikapu.