Wino wa Chupa Unaonewa: Kwa Nini Picha za Garissa Hutoka Nyekundu

Picha za harusi zikifika huku Minneapolis kutoka Garissa, lawama hufika nazo. Uso wa bibi harusi umeiva wekundu, shangazi aliyesimama kando yake ana ukijani chini ya macho, na gauni jeupe la dirac limeingia samawati. Kila mtu ana jibu moja: wino feki. Mimi nasema wino huo unaonewa.

Printa ya picha ya tangi, mfano Epson L805, hutumia rangi sita: sayani, magenta, njano, nyeusi, pamoja na sayani hafifu na magenta hafifu. Programu yake ina jedwali la kuamua ni matone mangapi ya kila rangi yatoe kahawia fulani, na jedwali hilo lilipimwa kwa wino wa kampuni juu ya karatasi ya kampuni. Mwenye studio akijaza wino wa kampuni nyingine kutoka Nairobi, kwa bei ya chini sana, printa haina habari. Inaendelea kupima vilevile, kama mpishi aliyebadilishiwa chumvi na kijiko ni kile kile.

Kosa hilo halionekani kote sawasawa. Shuka jekundu la harusini likizidi wekundu kidogo, nani atajua? Ngozi ya kahawia haisamehe. Rangi hiyo ni mchanganyiko wa njano, magenta, sayani kidogo na nyeusi. Magenta ikizidi hata kidogo, mtu anaiva wekundu, na sayani ikizidi anaonekana mgonjwa. Na uso wa mama yako unaukumbuka vizuri kuliko shuka lolote.

Habari hii ina historia ndefu kuliko printa. Kwa miongo mingi maabara za picha zilirekebisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth ameandika jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao yalivyochangia Kodak kuboresha rangi za kahawia. Nyuso zetu zilifuata nyuma ya kabati.

Leo kipimo unaweza kujitengenezea. Mwaka 1993 kampuni kadhaa, zikiwemo Adobe, Apple, Kodak na Microsoft, ziliunda shirika la ICC ili vifaa vyote vielewane kuhusu rangi kupitia faili moja ndogo, yaani profaili. Unachapisha karatasi yenye mamia ya vipande vya rangi, ukiwa umezima marekebisho yote ya rangi ya printa. Unaiacha ikauke siku nzima, hata kama joto la Garissa, linalokaribia nyuzi 35 mchana, litakushawishi kuwa imeshakauka. Kisha kifaa kiitwacho spektrofotomita kinapima kila kipande, na programu inalinganisha kilichoombwa na kilichotoka, ikaunda profaili. Programu ya ArgyllCMS hufanya kazi hiyo bure, ingawa inataka uvumilivu wa kuandika amri.

Kinachokwamisha ni kifaa cha kupimia, maana bei yake inaweza kuzidi ya printa. Hapa ndipo sisi wa nje tungefaa kuliko kutuma lawama. Studio ikichapisha vipande vyake, msafiri anaweza kubeba karatasi hiyo ndani ya bahasha ngumu, mbali na jua, ikapimwa Nairobi au huku. Profaili inarudi kwa WhatsApp kama faili. (Na picha zenyewe pia zitumwe kama faili. Zikitumwa kama picha, WhatsApp huzibana kabla printa haijazigusa.)

Profaili moja ni ya wino mmoja, karatasi moja na mpangilio mmoja wa printa. Ukibadilisha aina ya karatasi, unapima upya. Ukinunua chupa za kampuni tofauti, profaili ya zamani haifai tena. Ndiyo maana ni afadhali kushikamana na muuzaji mmoja kuliko kukimbilia punguzo la kila mwezi. Kabla ya kupima, hakikisha matundu ya kichwa cha printa yako wazi, kwa sababu wino hukauka haraka kwenye joto kavu na vumbi, na profaili ya printa iliyoziba ni kumbukumbu ya ubovu.

Kupauka ni shauri lingine, na huko wanaolalamikia wino wana haki. Wino wa rangi iliyoyeyushwa hung'aa sana lakini hudhoofishwa na mwanga na ozoni. Mwaka 2000 hata wateja wa Epson, waliotumia wino halisi kwenye modeli za 870 na 1270, waliona picha zikigeuka rangi ya chungwa baada ya sayani kuliwa na hewa. Wino wa chembe, yaani pigmenti, hudumu zaidi, ila si kila printa inaukubali. Picha ya nyanya itakayotundikwa ukutani mkabala na dirisha iwekewe kioo, na faili yake ihifadhiwe mahali pawili.

Mkikagua picha iliyochapishwa kwa profaili mpya, msiihukumu chini ya taa ya dukani. Itoeni nje, kivulini, mchana, na aliyepigwa picha asimame kando yake.