SAA YA MTEJA ISIMEZWE NA GEMU

Hii ni ya wenye vibanda vya gemu za kompyuta.

Mteja kalipia nusu saa. Umeweka programu ya kuhesabu dakika, ila akifungua gemu tu, saa haionekani. Muda ukiisha unamwambia aamke, anakataa: "Mbona sijaona chochote?" Hapo ni ugomvi, na foleni inasubiri.

Kwa nini inapotea? Gemu ikiwa "Fullscreen" inaweza kuishika skrini yote peke yake. Saa hata ukiiwekea "Always on top" inabaki nyuma.

Fanya hivi:

1. Ingia settings za gemu, sehemu ya Video au Display. Toa "Fullscreen", weka "Borderless". Gemu bado inajaza skrini, ila sasa ni dirisha kama madirisha mengine, kwa hiyo saa inakaa juu yake.

2. Gemu haina Borderless? Kuna RivaTuner Statistics Server, ni ya bure. Hiyo inachora maandishi ndani ya picha ya gemu yenyewe. Ikionesha saa ya kawaida inatosha, wewe mwandikie mteja muda wake wa kumaliza.

Angalizo: gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya wadanganyifu zinaweza kuikataa programu hiyo. Huko baki na njia ya kwanza.

Saa iweke pembeni, isifunike ramani. Mteja akiona dakika zake zinavyokatika, ataongeza hela mwenyewe au ataamka bila kubishana.